Jembe Lililochelewa

Julai iliyopita, kwenye studio ya chumba kimoja pale Bariadi, tulimwonyesha mzee mmoja katuni yetu ya sekunde 40. Aliikataa kabla haijafika sekunde ya kumi.

Mzee mwenyewe ni babu wa rafiki yangu mwenye studio. Sote tunamwita Guku, yaani babu kwa Kisukuma. Ujanani alicheza mbina upande wa Bagalu, na mpaka leo ukimtajia Bagika uso wake unabadilika kidogo, kama shabiki wa Simba aliyetajiwa Yanga. Sisi tulikuwa na wazo ambalo tuliliona kubwa. Vikaragosi sita wamesimama kwenye shamba la pamba, kila mmoja na jembe lake, na pembeni ya skrini amekaa mpigaji ngoma wa kweli, mtu na nyama yake, anapiga pedi za mpira zilizounganishwa na kompyuta. Akipiga, majembe yanashuka. Bugobogobo ya kwenye kioo.

Na kweli yalishuka. Kila pigo, jembe chini. Tulikuwa tumeshaanza kupongezana wakati Guku alipouliza, "Mbona hawa wanangoja kuambiwa?"

Rafiki yangu akamjibu kwa heshima kwamba ndivyo mfumo unavyofanya kazi: ngoma inalia, ujumbe unaingia kwenye kompyuta, picha inatii. Guku akatikisa kichwa. Kwake yeye wale hawakuwa wachezaji, walikuwa watu wanaoitikia jina darasani. Akaomba chai.

Sisi tulielewa kwamba picha inachelewa, basi. Tukailaumu kompyuta, tukabadilisha waya, tukafunga programu nyingine zote. Haikusaidia. Mimi nikikwama huwa nakimbilia kusoma, ni ugonjwa wa kazi ya uandishi wa habari, na nilichokikuta kwenye historia ya waya ule kilinionyesha kwamba mzee alikuwa ametugusa pabaya zaidi ya tulivyodhani.

Waya wenyewe unaitwa MIDI. Ukiingia studio yoyote ya Kanda ya Ziwa, kwa wanaorekodi kwaya au kwa wanaotengeneza nyimbo za Kisukuma zinazopigwa kwenye mabasi ya Maswa na Meatu, MIDI ipo, hata kama waya wake siku hizi umegeuka kuwa wa USB. Baba zake ni wengi, lakini wawili ndio wanaotajwa kwanza. Mmoja ni Ikutaro Kakehashi, Mjapani aliyeanza maisha ya biashara akiwa kijana mdogo baada ya Vita Kuu ya Pili kwa kutengeneza saa, kisha akahamia redio, kisha vinanda, mpaka akaanzisha kampuni ya Roland. Naipenda habari hiyo ya saa. Mtu aliyekulia kwenye vigurudumu vinavyosukumana bila kukosea ndiye aliyekuja kutaka vinanda vya dunia nzima visukumane vivyo hivyo. Wa pili ni Mmarekani Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits, ambaye mwaka 1981 aliwasilisha kwa wahandisi wenzake pendekezo la lugha moja ya vinanda vya umeme.

Tatizo lao lilikuwa la kawaida kabisa. Kila kampuni ilikuwa na plagi yake na lugha yake, kinanda cha huyu hakielewani na cha yule. Januari 1983, kwenye maonyesho ya biashara ya ala za muziki huko California, kinanda cha Sequential aina ya Prophet-600 kiliunganishwa kwa waya na Jupiter-6 ya Roland. Ukibonyeza huku, kule kunalia. Leo haishangazi mtu. Siku ile makampuni yanayogombea soko moja yalikuwa yamekubaliana jambo, na hilo peke yake ni ajabu. Miaka 30 baadaye, 2013, Kakehashi na Smith walipewa tuzo ya Grammy ya ufundi.

Sasa hapa ndipo watu wengi wanapoteleza, na mimi niliteleza: MIDI haibebi sauti. Hakuna muziki unaopita ndani ya waya ule. Kinachopita ni taarifa ya kitendo. Kibonye namba fulani kimebonyezwa, kwa nguvu kiasi fulani kati ya 1 na 127, sasa hivi. Halafu kimeachiwa. Ni kama mtu aliyesimama dirishani akimtangazia kipofu ndani ya nyumba: kapiga kwa mkono wa kulia, kwa nguvu, kapiga tena, pole pole. Kipofu ndiye anayeamua ngoma hiyo ilie vipi. Na kwa kuwa ni taarifa tu, si lazima anayeipokea awe kinanda. Anaweza kuwa taa. Anaweza kuwa kikaragosi mwenye jembe.

Kuna kituko kimoja ndani ya kiunganishi cha MIDI ambacho sikukijua kabla. Mlango wa kupokelea umetengenezwa hivi kwamba umeme wa kifaa kimoja haugusani na umeme wa kifaa kingine. Katikati kuna kijitaa kidogo sana na kijicho cha kukitazama. Taa inawaka na kuzimika, jicho linasoma. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa, kabla ya mtu yeyote kufikiria katuni, muziki ule ulikuwa tayari unasafiri kama mwanga.

Mwaka 1991 ikaja orodha ya pamoja ya sauti, ili namba moja imaanishe ala moja kila mahali. Kwenye upande wa ngoma na kayamba kuna sauti 47. Nimezipitia zote. Kuna bongo, kuna konga, kuna kengele ya agogo ambayo jina lake limetoka kwa Wayoruba, kuna hadi filimbi ya samba. Kutoka kwetu hakuna kitu. Sikushangaa wala sikukasirika sana, maana namba ni namba: rafiki yangu alirekodi ngoma kubwa ya Kisukuma akaipachika kwenye namba 36, mahali pa ngoma ya mguu ya Kizungu, na ikakubali kukaa. Hilo ni moja ya mambo mazuri ya lugha isiyobeba sauti.

Turudi kwenye kuchelewa. Nilipiga hesabu. MIDI ya waya inapitisha biti 31,250 kwa sekunde. Ujumbe wa pigo moja una vipande vitatu vya biti kumi kumi, jumla 30. Gawanya, unapata kama milisekunde moja, sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hata kuku hawezi kuona hilo. Kompyuta yetu ilikuwa inachelewa kidogo zaidi upande wa sauti, na skrini inayobadilisha picha mara 60 kwa sekunde inaongeza hadi milisekunde 17 hivi. Yote hayo ukiyajumlisha hayafiki kitu ambacho mzee anaweza kukikasirikia akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mita tatu kutoka kwenye kioo.

Kosa lilikuwa kwenye jembe. Jembe ni zito, halishuki bila kupanda. Mkulima akitaka lipige udongo wakati ngoma inapolia, lazima aanze kulinyanyua mapema, tuseme nusu sekunde kabla. Kwa katuni ya fremu 24 kwa sekunde hiyo ni fremu 12 ambazo zinatakiwa ziwe zimeshachorwa pigo linapofika. Kompyuta yetu ilikuwa inaambiwa habari za pigo baada ya pigo kupigwa. Ingeweza kufanya nini? Ilikuwa inalirusha jembe chini ghafla kutoka juu, halafu inalipandisha taratibu kulingojesha pigo jingine. Majembe yetu yalikuwa yakining'inia hewani, yakingoja. Ndicho Guku alichokiona.

Wachora katuni walilijua hilo karibu miaka mia iliyopita. Filamu ya Steamboat Willie ya Walt Disney, iliyoonyeshwa New York Novemba 1928, ndiyo inayokumbukwa zaidi kati ya katuni za kwanza zenye sauti iliyooana na picha. Haikuwa bahati. Mmoja wa vijana wa studio, Wilfred Jackson, alileta kifaa cha kuhesabia mapigo, wakakubaliana kasi kabla ya kuchora. Ukishajua kwamba pigo linaangukia kila baada ya fremu 12, unaweza kuuchora mguu ukianza kuinuka fremu ya sita. Kasi hiyo ni mapigo 120 kwa dakika. Chukua singeli ya Dar es Salaam inayokimbia mapigo 240 na zaidi, unabakiwa na fremu sita kwa pigo. Namhurumia mchoraji.

Lakini siku ya kurekodi mambo yaliharibika. Bendi haikuweza kwenda sambamba na picha, fedha ikapotea bure. Rekodi ya pili ilifanikiwa kwa sababu kwenye filamu aliyokuwa akiitazama kiongozi wa bendi kilichapishwa kimpira kinachodunda kuonyesha mapigo. Angalia kimpira hicho kinafanya nini: kinapanda, kinashuka. Kikiwa juu, kiongozi anajua tayari pigo li karibu. Kinamwonyesha kinachokuja.

MIDI ilipoingia, mambo yaligeuka kichwa chini. Mwaka 1928 wanamuziki waliifuata picha. Sasa picha ingeweza kuufuata muziki, maana muziki ulikuwa umeshakuwa orodha ya vitendo ndani ya kompyuta. Mmarekani Stephen Malinowski alitengeneza programu mwaka 1985 iliyouonyesha muziki kama vijiti vya rangi vinavyopita kwenye kioo kutoka kulia kwenda kushoto, virefu kwa noti ndefu, vya juu kwa sauti za juu. Kama umewahi kutazama YouTube video ya piano yenye vijiti vinavyoteleza, umekutana na wajukuu wa kazi yake. Na ajabu ya vijiti ni ileile ya kimpira: noti unaiona ikija kabla hujaisikia. Sikio linajiandaa.

Halafu akaja Wayne Lytle. Huyu mtu alikuwa mwanamuziki na mtaalamu wa michoro ya kompyuta kwenye Chuo Kikuu cha Cornell, na mwaka 1990 alitoa filamu fupi iitwayo More Bells and Whistles ambamo ala za kubuni zinajipiga zenyewe, zikiendeshwa na taarifa za MIDI. Baadaye alianzisha kampuni iliyokuja kuitwa Animusic, na mwaka 2001 ikatoa mkusanyiko ambao kipande kimoja, Pipe Dream, kilizunguka dunia nzima. Mabomba yanatema vimpira hewani, vinadondokea kwenye nyuzi, kwenye ngoma, kwenye vibao, na kila kinapodondoka inalia noti sahihi. Nilikiona mara ya kwanza nikiwa chuo, kwenye kompyuta ya mtu, na niliamini kabisa kwamba mashine ipo mahali.

Sikuwa peke yangu. Kulikuwa na barua pepe iliyosambaa miaka ileile, ikiapa kwamba mashine hiyo ni ya kweli, imejengwa Chuo Kikuu cha Iowa, na kwamba sehemu kubwa ya vipuri vyake ni vya mashine za kilimo. Uongo mtupu. Ila uongo huo unanifurahisha kila nikiukumbuka, kwa sababu mtunzi wake, alipotaka kufikiria chombo kinachoweza kufuata mdundo bila kukosea, alifikiria zana za shambani. Usukuma wangemwelewa. (Mwaka 2011 kampuni ya Intel ilijenga mashine ya kweli kwa kufuata katuni ile, kwa hiyo uongo ukapata mtoto wa halali.)

Siri ya Lytle ilikuwa nini? Programu yake haikungoja noti. Ilisoma faili zima la MIDI kwanza, mwanzo hadi mwisho, ndipo ikaanza kuchora. Ikiona kwamba sekunde ya 14 kuna noti kwenye waya fulani, inarudi nyuma kuhesabu kimpira kinapaswa kutoka kwenye bomba lini ili kifike kwa wakati. Inaanzia mwisho kwenda mwanzo. Kipiga ngoma kinainua mkono kwa sababu kinajua. Ukitazama Pipe Dream kwa makini, kinachokushika si ile sekunde mpira unapogusa uzi. Ni ule muda mpira uko hewani na wewe umeshajua utaangukia wapi.

Kwa hiyo kuna aina mbili za kuoanisha picha na ala. Moja ni kuitikia: unapiga, taa inawaka. Hiyo waya wa MIDI unaiweza moja kwa moja, hata ukumbi wa harusi unaiweza. Nyingine ni kutangulia, na hiyo inahitaji mtu, au mashine, inayoujua wimbo.

Na kwa habari ya kuujua wimbo, Wasukuma wametangulia mbali.

Bugobogobo haikuanzia jukwaani. Frank Gunderson, Mmarekani aliyeandika mwaka 2010 kitabu kinene juu ya nyimbo za kazi za Wasukuma, anaonyesha jinsi muziki huo ulivyokaa ndani ya vikundi vya kulimiana. Watu wanalima kwa mstari, ngoma ziko nao hapohapo shambani, na mwenye wimbo, ningi, ambaye kwa Kiswahili tungemwita manju, anaimba. Pamba ilipopanuka baada ya Vita Kuu ya Pili, mpaka wakulima wakawa na muungano wao mkubwa wa ushirika, Victoria Federation, mwaka 1955, kazi ya jembe la mkono iliongezeka na wakulima waliojua kulima kwa mdundo walikuwa na soko. Jembe lilirushwa, likazungushwa, likadakwa. Ukikosea hapo hukosei sanaa tu. Mwenzako yuko hatua moja pembeni na chuma kina makali.

Fikiria sasa mstari wa watu ishirini kwenye shamba la Itilima. Kama kila mmoja angengoja kusikia ngoma ndipo aanze kunyanyua jembe, wote wangechelewa, na wangechelewa kwa viwango tofauti. Mstari ungevurugika ndani ya dakika moja. Unakaa sawa kwa sababu wote ishirini wanalibeba pigo linalofuata mwilini kabla halijalia. Ngoma inathibitisha tu.

Mashindano ndiyo yaliyolipeleka jambo hili mbali zaidi. Masimulizi ya Usukuma yanawataja waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, ambao ushindani wao ulizaa vyama viwili vya mbina, Bagika na Bagalu. Baada ya mavuno, vyama hivi vinakutana uwanjani na kucheza kwa wakati mmoja. Narudia: kwa wakati mmoja, kila kikundi na ngoma zake, na mshindi ni yule aliyewavuta watazamaji wengi upande wake. Tangu miaka ya 1950 mashindano hayo yana makao pale Bujora, nje kidogo ya Mwanza, ambako padri Mkanada David Clement wa shirika la White Fathers alianzisha kituo kilichozaa Makumbusho ya Wasukuma, na sikukuu ya bulabo kila Juni bado inawakutanisha watu. Huku kwetu Simiyu, mkoa wenyewe ni wa mwaka 2012 tu, lakini mbina ni za zamani kuliko mpaka wowote wa mkoa.

Jiulize mchezaji wa Bagalu anawezaje kubaki kwenye mdundo wake wakati hatua hamsini kutoka kwake Bagika wanapiga mdundo mwingine, kwa makusudi, kwa sauti kubwa zaidi. Hawezi kutegemea masikio. Masikio yanaingiza ngoma zote mbili. Anategemea kile alichokuja nacho.

Na ili kuvuta watu, vyama vilikuwa na vituko. Kuna waliocheza na chatu. Kuna waliotoa sanamu za mbao, nyingine zikiwa na viungo vinavyochezeshwa, zikatokea katikati ya ngoma na kufanya kioja mpaka umati wa upande wa pili ukageuka shingo. Mwanahistoria wa sanaa Aimée Bessire ameziandikia makala. Nilipofika hapo kwenye kusoma kwangu niliweka simu chini. Maana sisi tulikuwa tunatamba kwamba tunataka kuwa wa kwanza Usukuma kuchezesha kikaragosi kwa ngoma. Wa kwanza! Babu zetu walikuwa na kikaragosi, walikuwa na ngoma, na aliyekichezesha alikuwa mtu anayeujua wimbo kama mpigaji mwenyewe. Kati ya mkono wa mpigaji na mkono wa sanamu hakukuwa na waya, na hakukuwa na kuchelewa.

Nilirudi Bariadi na haya yote, tukajaribu tena.

Mara ya pili tulimfuata Lytle. Mpigaji wetu alipiga wimbo mzima, tukauhifadhi kama faili, kompyuta ikausoma wote, majembe yakapewa muda wa kupanda. Yakawa mazuri ajabu. Uzito ukaonekana, mgongo ukainama kabla ya chuma kushuka. Tukamwita Guku. Safari hii alitazama mpaka mwisho na akasema, "Hapa mnacheza." Halafu akauliza swali la kawaida kabisa: kijana wa ngoma yuko wapi?

Kijana wa ngoma alikuwa nje anachati. Hakuwa na kazi tena. Faili lilikuwa limeshamaliza kumsikiliza. Angeweza kukaa pembeni ya kioo na kujifanya anapiga, lakini angekuwa anaifuata picha, kama bendi ile ya New York mwaka 1928 ikikimbizana na kimpira. Akitaka kurudia ubeti kwa sababu watu wamechangamka, haiwezekani. Wachezaji wake sita hawamsikii. Na manju asiyeweza kurudia ubeti watu wakichangamka, huyo ni manju wa nini?

Hiyo si bei ndogo. Nyimbo za Kisukuma za siku hizi zinatengenezwa kwa kinanda na kompyuta, na sina ugomvi nazo, nazisikiliza. Lakini ukizisikiliza nyingi kwa mfululizo unaona jinsi mapigo yanavyonyooshwa yakae kwenye mistari ya kompyuta, na jinsi wimbo unavyokwenda moja kwa moja bila kugeuka kumtazama mtu. Waya wa MIDI wa 1983 unapeleka upande mmoja tu. Kuna mlango wa kutoka na mlango wa kuingia, na anayepokea hana njia ya kumjibu aliyempelekea mpaka utafute waya wa pili. Toleo jipya, MIDI 2.0, lililotangazwa mwaka 2020, limeruhusu vifaa kuulizana na kujibizana. Miaka 37 kufika hapo. Kwenye mbina mpigaji anamwangalia mchezaji mguu, mchezaji anamwangalia mpigaji mkono, na anayeongoza anabadilika bila tangazo.

Ipo njia ya tatu, na si ngeni. Mwaka 1984, Mmarekani Roger Dannenberg na Barry Vercoe, mzaliwa wa New Zealand, kila mmoja kwa kazi yake, walionyesha kompyuta inayomsindikiza mwanamuziki aliye hai. Mashine inapewa nakala ya muziki mapema, inamsikiliza mtu, inajua amefika wapi, na akiharakisha nayo inaharakisha. Yaani inaujua wimbo na bado ina masikio. Hilo ndilo linalokaribia mtu wa kwenye mstari wa Itilima kuliko kitu kingine chochote nilichokisoma.

Tulijaribu sura yake rahisi. Kompyuta ikapewa mpangilio wa wimbo, ikawa inapima muda kati ya pigo na pigo la mpigaji wetu, inakadiria linalofuata litaangukia wapi, na kuanza kunyanyua majembe mapema kwa kutegemea makadirio hayo. Akiongeza kasi, vikaragosi wanaongeza. Akipunguza, wanapunguza, wamechelewa kidogo mwanzoni, kisha wanakaa. Kwa dakika mbili nzima tulikuwa na bugobogobo pale chumbani. Guku alikuwa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki na mguu wake wa kulia ulikuwa unagonga sakafu.

Ndipo kijana wa ngoma, bila kutuambia, akafanya wanachofanya wapigaji wote uwanjani wakiona watu wamenogewa. Akakata. Mikono akaiacha juu, hewani, kimya.

Majembe sita yakashuka.

Guku alicheka mpaka akashika mbavu. Kijana naye akacheka, akarudia, akakata tena mahali pengine, na majembe yakashuka tena kwenye ukimya, yote sita, kwa nguvu 127. Mpaka usiku unaingia alikuwa bado anayategea.